Nyuki harutubishi ua

Swali: Kikundi chetu cha wakulima wa vanila kina ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema "tunarutubisha maua" na wapo wanaosema "tunachavusha". Kipi sahihi? (Msomaji, Bukoba)

Jibu: Mnachavusha. Ningeweza kuishia hapo, ila hili "kurutubisha" limenikaa kooni siku nyingi, na leo limejileta lenyewe.

Rutuba tumeitoa kwenye Kiarabu, ambako ni unyevu. Sisi tukaipa udongo. Kazi hiyo inaitosha. Samadi hurutubisha shamba, basi. Lakini siku hizi nyuki naye anarutubisha, upepo unarutubisha, mbegu ya kiume inarutubisha yai, na mtangazaji anayamaliza yote kwa pumzi moja. Mwenye maboga akiambiwa "maua yako hayarutubishwi", anakimbilia yurea. Majani yanashamiri, vitoto vya maboga vinageuka njano na kupukutika vilevile, kwa sababu kilichokosekana ni chavua, ule unga wa ua dume, si mbolea. Angechuma ua dume asubuhi, akalinyofoa petali na kulipaka katikati ya ua jike, angevuna.

Turudi kwenye vanila yenu. Ua hufunguka alfajiri, na alasiri limeshanyauka. Unapasua mdomo wake kwa kijiti chembamba, unainua kiwambo kinachotenga chavua na stigma (sehemu ya kike inayoipokea), kisha unabonyeza kwa kidole gumba hadi chavua inate. Mbinu hiyo ni ya Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Ua likidondoka kesho au keshokutwa, chavua haikushika. Likibaki kwenye kishada, na ile ovari, yaani kifuko cha mbegu ambacho wengi hukidhania kikonyo, ikaanza kurefuka, umefaulu.

Umefaulu nini? Kuchavusha tu! Siku hiyo ovuli, vijimbegu vyenye yai vilivyo ndani ya ovari, bado changa. Chavua huotesha mirija kuzifuata, na hupita wiki kadhaa kabla mbegu ya kiume haijakutana na yai. Huko kukutana ndiko utungisho. Sasa anayeyaita yote mawili "urutubishaji" anieleze: mkulima aliyeshika kijiti Jumatatu alirutubisha, au bado?

Kwenye mahindi pengo ni dogo, siku moja hivi, ndiyo maana watu huyachanganya. Chavua hutoka kwenye mbelewele na kutua kwenye ndevu, na kila unywele wa ndevu una punje yake moja. Ukame ukichelewesha ndevu, mbelewele humaliza chavua yake bure na gunzi hubaki na mapengo. Hapo uchavushaji ndio ulioshindwa. Chavua ikifika salama, mbegu mbili za kiume huteremka: moja huungana na yai kuwa kiinitete, nyingine hutengeneza lishe ya punje, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya unga wa ugali. Mbolea haimo katika hadithi hii.

Najua vitabu kadhaa vya shule huuita utungisho "urutubishaji". Nimechoka kugombana navyo, na mwanafunzi akiandika hivyo nitampa alama yake, kwa kununa. Nyuki, upepo na kijiti chenu lakini, hapana. Kwenye daftari la kikundi andikeni "tarehe ya kuchavusha". Ile miezi takriban 9 ya kungoja maganda yakomae huhesabiwa kuanzia hapo.