Maswali na majibu: Piazzolla, bandoneoni na karanga

Je, Astor Piazzolla, mtunzi na mpigaji bandoneoni wa Argentina, ndiye aliyeanzisha muziki wa dansi uitwao tango?
La. Alizaliwa 1921, na mwimbaji Carlos Gardel alikwisharekodi tango "Mi noche triste" mwaka 1917. Swali hili naomba lipumzike.

Bandoneoni si akodiani tu?
Si akodiani, na wapigaji wa akodiani wa taarab ndio wa kwanza kuduwaa wakiishika. Haina kibodi ya piano. Ina vitufe 71: 38 mkono wa kulia, 33 wa kushoto. Kitufe kilekile hutoa noti moja ukivuta mvukuto na nyingine ukiusukuma, kwa hiyo unakariri mipangilio minne. Ukiuziwa "bandoneoni" yenye kibodi ya piano, dai pesa yako.

Kundi letu linapiga "Libertango" ya Piazzolla lakini inatoka kama waltz (dansi ya mapigo matatu sawa) iliyochoka. Tunakosea wapi?
Kwenye kugawa. Hesabu nusu-pigo nane, zikate 3, 3, 2. Mkazo uko kwenye 1, 4 na 7. Mkono mvivu hukata mafungu matatu sawa, mkazo wa pili na wa tatu unawahi, na waltz ndiyo hiyo. Wekeni ala chini. Mguu ugonge mapigo manne, mdomo useme KA-ra-nga, KA-ra-nga, CHU-mvi (najua ulimi unataka kukazia "ra", uzuieni). KA ya pili huangukia katikati ya gonga la pili na la tatu. CHU huenda sambamba na la nne. Isipokuwa hivyo, punguzeni mwendo. Wala msilete ngoma kuficha kosa: kwinteti ya Piazzolla (kundi la watu watano) ya 1960 ilikuwa bandoneoni, fidla, piano, gitaa la umeme na kontrabasi, basi. Mkitaka mchakacho, mpiga fidla akwaruze uta nyuma ya daraja.

Eti milonga, jina la muziki wa dansi ulio ndugu wa tango, ni neno la Kibantu?
Wengi hulitoa kwenye Kimbundu cha Angola, ambako milonga ni maneno. Anayejua kulonga hahitaji mkalimani. Watumwa kutoka Angola na Kongo walifikishwa Río de la Plata, eneo la Buenos Aires na Montevideo, na ile 3-3-2 Piazzolla aliichota kwenye milonga. Kwa hiyo wanaoiita tango "muziki wa Kizungu" wapunguze sauti.

Tuipige Piazzolla darasa la wanaoanza kucheza?
Msiwatese. Mwendo unabadilika katikati ya hatua, mguu unabaki hewani. Wapigieni Juan D'Arienzo, kiongozi wa okestra ya tango ya kuchezea; Piazzolla msikilize mkiwa mmekaa.