Sifa zako zinaishia wapi? Maswali ya wasomaji na majibu

Bwana Yesu asifiwe. Maswali yamekuwa mengi, na zaidi ya nusu yanahusu nyimbo: ziimbwe zipi, aimbe nani, kwa chombo gani. Nimetanguliza yale ambayo nyuma ya wimbo kuna mtu anaumia. Mistari ninayoitaja msiishie kunisadiki mimi, fungueni Biblia mkasome sura nzima.

Swali: Mume wangu anaongoza sifa kanisani. Akishika kipaza sauti, watu wanalia. Akirudi nyumbani hatusalimii, chakula kikichelewa anafoka, na pesa ya matumizi mpaka nimbembeleze. Nikimwambia, ananijibu, "Msiwaguse masihi wangu." Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, tuanze na huo mstari, maana umetumika vibaya kwa muda mrefu na umewafunga midomo wengi. Ni Zaburi ya 105, mstari wa 15. Anza kusoma mstari wa 12. Hao masihi, yaani wapakwa mafuta wa Mungu, ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wasio na jeshi wala nchi, wakitangatanga taifa hata taifa. Waliokemewa ni wafalme. Mungu alikuwa anamkinga mnyonge asionewe na mwenye nguvu. Sasa jiulize, nyumbani kwenu mwenye nguvu ni nani, na anayebembeleza ni nani? Mumeo ameushika mstari huo kinyume.

Akitaka mstari unaomhusu yeye, upo. Petro anawaagiza waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kisha anataja sababu: kusudi kuomba kwao kusizuiliwe (1 Petro 3:7). Mtume hakuzungumzia sauti, vyombo wala mazoezi. Alisema mume anayemdharau mke wake, maombi yake yanakwama. Kanisa zima linaweza kulia machozi, na bado aliyeshika kipaza sauti asisikilizwe mbinguni. Na kuhusu pesa ya matumizi, Paulo alisema kwa ukali kuliko nitakavyosema mimi: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini (1 Timotheo 5:8).

Waimbaji wetu wanaupenda sana Waebrania 13:15, "dhabihu ya sifa". Mstari wa 16 hawaugusi, nao ndio unaoendeleza sentensi ya kwanza: msisahau kutenda mema na kushirikiana, maana sadaka kama hizi ndizo zimpendezazo Mungu. Mwandishi ameziweka sadaka hizo mbili juu ya madhabahu moja. Anayepeleka moja na kuizuia nyingine amepeleka nusu, na nusu hiyo nabii Amosi alishaeleza inavyopokelewa: "Niondolee kelele ya nyimbo zako" (5:23).

La kufanya: mwambie mwenyewe, mkiwa wawili, siku ambayo ametulia. Usimwambie Jumapili akitoka ibadani. Asiposikia, fuata Mathayo 18:15-17 na uchukue mmoja au wawili anaowaheshimu. Kumshitakia mchungaji si kumvunjia mumeo heshima. Na ninyi wachungaji mnaosoma hapa, msimpandishe mtu madhabahuni kwa sababu ya koo lake. Mwulizeni mkewe kwanza, tena mumewe akiwa hayupo. Asiyejua kuisimamia nyumba yake, atalitunzaje Kanisa la Mungu? Hilo nalo limeandikwa, 1 Timotheo 3:5.

Swali: Je, ngoma na gitaa ni dhambi kanisani?

Jibu: Zaburi ya 150 ina mistari sita tu, na ndani yake kuna baragumu, matari, zeze, filimbi na matoazi. Swali hili limeshajibiwa, tafadhalini msilirudie.

Swali: Niliambiwa nikimsifu Mungu kwa imani nitapona. Nimesifu, nimefunga, nimekesha. Bado naumwa. Mtumishi mmoja amesema imani yangu ni ndogo, niache dawa ili niithibitishe. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, na usiache dawa. Kama ulishaanza kuzipunguza, leo hii mrudie daktari wako na umweleze ukweli wote.

Mungu anaponya, na mimi naliamini hilo kwa moyo wote. Lakini tazama mtume aliyetumiwa kwa miujiza ya ajabu alivyoishi na wagonjwa waliokuwa karibu naye. Timotheo alikuwa anasumbuliwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara. Paulo hakumwambia imani yake imepungua, alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Trofimo, mwenzake wa safari, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na hakuna neno hata moja la kumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa na mwiba katika mwili, akamsihi Bwana mara tatu umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9). Mwiba ukabaki. Nani atasimama leo amwambie Paulo kwamba imani yake ilikuwa ndogo?

Someni pia Waebrania 11 hadi mwisho. Watu wanahubiri sehemu ya kwanza, walioziba makanwa ya simba na kuzima nguvu za moto. Kuanzia katikati ya mstari wa 35 wanatajwa waliopigwa, waliofungwa, waliokatwa kwa misumeno, waliozunguka wamevaa ngozi za kondoo na za mbuzi. Mstari wa 39 unasema hao wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao.

Anayekusifia Mungu kisha akakuachia ugonjwa pamoja na hatia hajakupenda. Angekupenda angekupikia, angekusindikiza hospitali, angekaa kwenye foleni na wewe. Endelea kusifu, mpendwa wangu. Sifu ukiwa na dawa mkononi, maana hata maarifa ya kutibu ni zawadi yake. Ila mtu anayekutaka uthibitishe imani kwa kuhatarisha uhai, jiepushe naye. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, tena kwa kumnukulia Zaburi. Yesu alikataa.

Swali: Nitajuaje kama imani yangu inatosha?

Jibu: Baba mmoja alilia mbele ya Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24). Mtoto wake akaponywa. Anza hapo, kipimo kingine usikitafute.

Swali: Nimemzika mama yangu. Jumapili wanasema tuinue mikono, tushangilie. Nikiimba naona nadanganya. Nikinyamaza wananitazama.

Jibu: Pole sana, mwanangu. Hudanganyi.

Tumewafundisha watu kwamba sifa ni furaha tu, na hapo tumewaonea wafiwa. Kitabu chetu cha nyimbo cha kwanza, Zaburi, kimejaa kilio. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Huo ulikuwa wimbo, umekabidhiwa mwimbishaji auimbishe watu hekaluni. Sita tu ndiyo mistari yake, na mwisho unafika kwenye shukrani. Lakini Zaburi ya 88 haifiki kwenye shukrani. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuiongezea ubeti wa kuifariji. Waliona inafaa kuimbwa ilivyo.

Kwa hiyo kaa kimya kama moyo unataka kimya. Wengine wakiimba, waache wakuimbie. Ipo siku utawaimbia wao. Na wewe kiongozi wa sifa unayepaza sauti "Sema haleluya, mbona mmepoa?", ujue kwamba katika viti vile yupo aliyetoka makaburini juzi. Warumi 12:15 inaagiza mawili, kufurahi pamoja nao wafurahio na kulia pamoja nao waliao. La pili hatulifanyii mazoezi, na timu nyingi za sifa hazina hata wimbo mmoja wa kuwaimbia wanaolia. Tafuteni.

Swali: Naomba zaburi ya kusoma usiku wa manane ili nipate mchumba haraka.

Jibu: Haipo. Zaburi si hirizi. Mwombe Mungu kwa maneno yako mwenyewe, na ukimwona mtu mwenye tabia njema, msalimie.

Swali: Mume wangu ananipiga. Nimewaambia wazee, wakasema Paulo na Sila waliimba gerezani na minyororo ikalegea, basi na mimi niendelee kumsifu Mungu nivumilie. Nina watoto wawili. Naogopa.

Jibu: Nakujibu kwa kirefu kwa sababu si wewe pekee uliyeleta swali hili.

Kwanza, ondoka ufike mahali salama, wewe na watoto. Nenda kwa ndugu au rafiki unayemwamini, na vyombo vya sheria vipo kwa kazi hiyo. Huhitaji ruhusa ya mzee wa kanisa ili usiuawe.

Sasa tuje kwenye Maandiko, maana ndiyo waliyokufungia. Fungua 1 Samweli 19, mstari wa 9 na wa 10. Daudi alikuwa anapiga kinubi mbele ya mfalme Sauli, kama ilivyokuwa desturi yake. Sauli ameketi, mkuki mkononi. Akajaribu kumpigilia Daudi ukutani. Mkuki ukaingia ukutani, na Daudi akakimbia usiku uleule. Huyo ndiye mwimbaji mkuu wa Israeli. Hakubaki kumalizia wimbo. Nyumbani kwake mkewe Mikali alimwambia asipojiokoa usiku huo, kesho atauawa, akamteremsha dirishani. Hakuna mahali Biblia inamlaumu Daudi kwa kukimbia.

Utaambiwa umsamehe. Daudi alimsamehe Sauli kweli. Mara mbili alipata nafasi ya kumwua, pangoni na kambini, mara zote mbili akamwacha hai. Na kambini Sauli alikiri amekosa, akamwita, "rudi, mwanangu Daudi" (1 Samweli 26:21). Mstari wa mwisho wa sura hiyo unasema Daudi akaenda zake, na Sauli akarudi mahali pake. Msamaha ulikuwepo, lakini ndani ya nyumba ya mkuki Daudi hakurudi.

Na hao Paulo na Sila, mbona wazee wanaishia kwenye nyimbo? Asubuhi mahakimu walitaka kuwaachia kimyakimya. Paulo akakataa. Alisema wamepigwa mbele ya watu wote bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi, na sasa wanataka kutolewa kwa siri? Waje wenyewe wawatoe (Matendo 16:37). Mdomo ulioimba usiku wa manane ndio uliodai haki kulipokucha. Halafu angalieni yule mlinzi wa gereza alipoamini: saa ileile ya usiku aliwachukua akawaosha mapigo yao. Hakuwaombea tu. Alichota maji akaosha damu. Wazee wangu, mtu amewajia na alama za kipigo mwilini mkampa wimbo. Mlinzi aliyeamini usiku uleule, kabla hata ya kubatizwa, alijua kinachotakiwa. Mwiteni huyo mume mbele ya baraza lenu, mwondoeni kwenye kila huduma, na mgharamie matibabu ya dada huyu.

Dada, ukishafika salama, imba au ulie, vyovyote. Mungu yuko nawe huko ulikokimbilia.

Swali: Kuna mtu alinikosea na hajaniomba radhi. Mathayo 5:23 inasema niache sadaka madhabahuni tupatane kwanza. Je, nisimamishe kuimba kwaya hadi aje?

Jibu: Rudia kusoma, taratibu. Yesu anasema ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Anamzungumzia aliyekosewa na wewe. Karibu kila anayeniuliza kuhusu mstari huu anahesabu waliomkosea yeye. Aliyekukosea msamehe moyoni na uendelee kuimba, Marko 11:25 inatosha. Kisha kaa chini ujiulize ni nani ana neno juu yako. Labda kuna mfanyakazi hujamlipa mshahara, jirani ulimsengenya, au ndugu ulikopa kwake ukaanza kumkwepa. Kwa huyo, ndiyo, acha sadaka uende. Lipa kwanza.

Swali: Kwa nini kila harusi wanasoma 1 Wakorintho 13, ile sura ya upendo? Inachosha.

Jibu: Inachosha kwa sababu tunaisoma kama maua ya mapambo. Paulo hakuwaandikia maharusi. Aliwaandikia waumini waliopelekana mahakamani, waliojigawa makundi, ambao kwenye Meza ya Bwana mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa (11:21). Sura ya 12 inazungumzia karama, ya 14 inarudi kwenye karama, na upendo umewekwa katikati kwa makusudi. Isomeni kwenye vikao vya fedha vya kanisa, tena kabla ya hesabu kusomwa. Na mliooana, isomeni siku mliyogombana.

Swali: Sijui kuimba. Kwaya wamenijaribu wakanikataa. Nimtukuzeje Mungu?

Jibu: Kwaya ina haki ya kuchagua sauti, usiwanunie. Zaburi ya 100 inaita dunia yote imfanyie Bwana shangwe, na haikuweka usaili. Keti viti vya mbele na uimbe pamoja na kusanyiko. Na kwa kuwa siku za mazoezi ya kwaya wewe una nafasi, mwulize mchungaji orodha ya wagonjwa wasiotembelewa, uchague mmoja uanze naye wiki hii.