Lexington, Kentucky: mji ukoje kwa anayehamia?

Mkuu, umesema mdogo wako amepangiwa Lexington, umeona mtandaoni kwamba una watu laki tatu tu, na unauliza kama huo ni mji kweli au ni kijiji. Niko hapa tangu 2017, nilitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Nakueleza ninavyoujua.

Idadi uliyoona ni sahihi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 322,570, na kwa jimbo la Kentucky ni mji wa pili kwa watu baada ya Louisville. Ila mwaka 1974 mji uliunganishwa na wilaya ya Fayette, kwa hiyo wanaposema Lexington wanahesabu wilaya nzima, kama kilomita za mraba 740, mashamba yakiwemo. Na watu hawajatawanyika humo. Tangu 1958 kuna mpaka wa ujenzi, na huu ndio mji wa kwanza Marekani kuweka mpaka wa namna hiyo. Ndani ni nyumba na maduka, nje ni majani na farasi. Karibu wote tumebanana kwenye theluthi moja hivi ya eneo, ndiyo maana kodi ya nyumba inauma. Unaendesha gari kati ya maduka na taa za barabarani, mara unakutana na uzio mweusi wa mbao na kijani hadi macho yanapoishia. Mara ya kwanza nilidhani nimepotea.

Chini ya majani hayo kuna mawe ya chokaa, na wafugaji wanaamini ndiyo yanayowapa farasi mifupa imara. Mto mkubwa haupiti katikati. Mto Kentucky uko kusini, mpakani mwa wilaya, na kijito cha Town Branch, ambacho mji ulianzia kando yake, kimefunikwa, kinapita chini ya barabara. Nimekulia Uvira, Kongo, kila asubuhi Ziwa Tanganyika liko mbele yangu. Kukosa maji ya kutazama kulinisumbua kuliko baridi.

Sasa hili la barabara mweleze mdogo wako alielewe vizuri, maana ndilo litakaloamua maisha yake. Barabara kubwa zinatoka katikati ya mji kama spoki za baiskeli, na nyingi zina jina la mji zinakoelekea: Richmond Road, Nicholasville Road, Winchester Road, kama Dar mnavyosema Barabara ya Morogoro. New Circle Road inauzunguka mji na kuzikata zote. Mabasi ya Lextran yanafuata spoki hizo, mengi yanakutana kituo kikuu cha katikati. Mimi nilipanga Versailles Road (wenyeji wanatamka Vaseilzi) kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, kazi nikapata Winchester Road, upande wa pili kabisa. Basi la kwanza hadi katikati, kushuka, kusubiri la pili, Januari, theluji imeingia kwenye viatu. Nilichelewa mara tatu nikapewa onyo la maandishi.

Pale kituoni mama mmoja mwenye kiroba cha unga wa muhogo alinisikia nikiongea na simu, akaniuliza, "Uko mutoto wa wapi?" Ndiye aliyenionyesha panapouzwa sombe (kisamvu), na ndiye aliyeniunganisha na vijana waliokuwa wakichangia mafuta kwenda kazini na gari moja. Wakongo tuko wengi hapa, na shuleni Kiswahili ni miongoni mwa lugha za kigeni zenye watoto wengi zaidi.

Kwa hiyo mdogo wako, kama ana nafasi ya kuchagua, aangalie kwanza kazi iko spoki ipi, ndipo atafute nyumba upande huohuo. Agosti asihangaike kutafuta karibu na katikati, maana University of Kentucky ina wanafunzi zaidi ya 30,000 na ndio wakati wanarudi. Akipata kazi kiwanda cha Toyota, kiko Georgetown, nje ya wilaya, basi la mji halifiki. Aulize mapema nani ana gari.

Akishapata tarehe, iandike hapa nimpokee. Uwanja wa ndege uko Versailles Road, ng'ambo ya barabara ni Keeneland, kiwanja cha mbio za farasi. Ule uzio atauona kabla hatujafika kwenye taa za kwanza.