Mabamba "yanagongana" kila mahali?

Swali: Nimeandika "volkano za milima ya Andes zimetokea kwa sababu mabamba ya dunia yanagongana", mwenzangu anasema neno silo. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako ana pointi nzito, na nimefurahi umeuliza manake Kiswahili kina vitenzi vizuri sana vya jambo hili ila tunang'ang'ania kimoja tu. Mabamba ni vile vipande vikubwa vya mwamba vinavyounda ganda la nje la dunia na kusogea polepole. Hiyo -ana ya mwisho wa "yanagongana" inasema kila upande unamfanyia mwenzake kitu kilekile. Sasa bamba la India na la Ulaya-Asia, yote ya nchi kavu, yote mepesi, hakuna linalokubali kuzama, yanasukumana mpaka Himalaya imeinuka na bado inainuka, hapo gongana imekaa pake kabisa. Katikati ya Atlantiki mabamba yanaachana, kama sm 2.5 hivi kwa mwaka, na mwamba ulioyeyuka unapanda kuziba nafasi.

Kule California, kwenye ufa wa San Andreas, yanapishana. Ila usidhani yanapishana kama watu njiani, yanakwama miaka na miaka, nguvu inajikusanya, halafu yanaachia kwa mpigo. Mwaka 1906 ilipotokea hivyo kuna uzio uliokuwa umenyooka vizuri ukakatika, kipande kimoja kikajikuta mita kadhaa pembeni ya mwenzake. Ndo maana mi napenda kuandika "yanapishana kwa kukwaruzana", msomaji anausikia ule ukinzani.

Sasa Andes ndo -ana inagoma. Bamba la Nazca ni la bahari, zito, lile la Amerika Kusini ni jepesi, kwa hiyo moja linazama na lingine linabaki juu, hawafanyiani kitu kimoja hata kidogo! Ukisema yanagongana umeficha nani kaenda chini, na hilo ndo linaloeleza kwa nini volkano ziko upande wa nchi kavu: bamba linalozama linabeba maji kwenda nayo kilindini, maji yanafanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke kirahisi, na ulioyeyuka unapanda. Hukohuko, nchini Chile, ndo lilipopiga tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, la ukubwa wa 9.5, mwaka 1960.

Na tafadhali ni bamba la, mabamba ya, sio "bamba ya".

Sentensi yako ningeiandika: "Volkano za Andes zimetokea kwa sababu bamba la Nazca linazama chini ya bamba la Amerika Kusini."