Usiwachanganye sungura na simbilisi, hata wakipatana

Juzi kijana mmoja kaniandikia kutoka Njombe. Ana sungura tayari, banda lake lina nafasi, na sasa anataka kuongeza simbilisi, wale vijinyama ambao Waingereza huwaita guinea pig. "Dada, nikiwaweka humo humo watapigana?" Swali hili naletewa sana, na karibu kila anayeuliza hofu yake ni ugomvi. Namjibu hapa ili msome wote, maana najua mnaonifuatilia tuna nia moja: mradi mdogo uani unaosaidia ada za watoto bila kumpigia mtu magoti.

Jibu ni hapana, mdogo wangu. Usiwachanganye. Na ugomvi ni sababu ndogo kabisa.

Mimi nimekulia Mufindi, jikoni kwa bibi. Watu wa Iringa, Njombe na Mbeya mnajua maisha hayo: simbilisi wanaranda karibu na mafiga, moshi unawapasha joto, na bibi akianza tu kukatakata mboga wanapiga mluzi wote kwa pamoja hadi wapewe maganda. Nilipokuja kufuga mwenyewe, nikawajengea simbilisi banda lao na sungura banda lao. Kwenye kikundi chetu cha wafugaji nilichekwa. "Anajengea panya nyumba," walisema, na maneno hayo yakanifuata mpaka sokoni. Mwenzetu mmoja, dada mchapakazi mwenye banda zuri kuliko yetu sote, aliwafuga pamoja, akawa ndiye mfano wa kuigwa. Na kweli walipendeza. Simbilisi walilala wamejibanza ubavuni mwa sungura, hakuna aliyemgusa mwenzake. Nikaambiwa nikajifunze kwake.

Baridi ya Juni ilipoingia, simbilisi wake wakaanza kufa. Alinipigia simu, nikaenda. Nakumbuka jike mmoja aliyejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, pua imeganda makamasi. Nilipomweka kiganjani nilisikia kifua kikikoroma, mbavu zikivuta kwa nguvu, na hata hoho niliyomwekea mdomoni hakuigusa. Hatua moja kutoka pale sungura walikuwa wanatafuna majani kama kawaida. Mmoja tu alipiga chafya, akaendelea kula.

Chafya ile ndiyo niliyotaka kuieleza muda wote. Kuna bakteria anaitwa Bordetella bronchiseptica. Sungura wengi wanaye puani na kooni na wanaishi naye bila shida, hata huwezi kumtambua aliyembeba. Akimfikia simbilisi kwa hewa au kwa chombo cha maji, anaweza kumletea homa ya mapafu, na simbilisi akishaanza kukoroma muda wa kumwokoa unakuwa mfupi sana. Kwa hiyo ukiniambia wako wanapatana, wanalala pamoja, nazidi kuogopa. Kulala pamoja ndiko kunakowaambukiza.

Na dawa aliyowapa yule mwenzetu ilikuwa amoksilini ya watu, vidonge vilivyobaki nyumbani, kavikoroga kwenye maji ya kunywa ya banda zima. Jamani, msifanye hivyo kamwe. Amoksilini na ampisilini za kunywa zinaua bakteria wazuri wa tumboni, kwa simbilisi na kwa sungura pia, na mnyama anakufa kwa kuhara. Mwite daktari wa mifugo, mwambie ni simbilisi, achague dawa inayowafaa.

Kuna suala la chakula. Mnaona wote wanakula majani mnadhani basi. Sungura anajitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi, kama sisi binadamu tusivyoweza. Anahitaji takribani miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na chakula cha kiwandani cha sungura hakitengenezwi kwa kumfikiria yeye. Akikosa anapata kiseyeye: viungo vinavimba, anachechemea, akishikwa analia, vidonda haviponi. Mpe hoho, mapera, sukuma wiki, kila siku. Kwenye banda la pamoja utajuaje nani amekula? Sungura mkubwa wa kilo 4 akiinamia chombo, simbilisi asiyefika hata kilo moja na robo anangoja makombo.

Halafu miguu. Teke la sungura la nyuma linavunja mgongo wa simbilisi, na halihitaji ugomvi, sungura akishtushwa na mbwa usiku inatosha. Dume la sungura likiwa na hamu ya jike litampanda simbilisi hivyo hivyo. Na sakafu ya wavu ambayo wengi tunawafugia sungura inanasa na kuchubua vijiguu vya simbilisi. Hawa ni wanyama wa asili mbili tofauti kabisa. Sungura wa kufugwa chimbuko lake ni Hispania na jirani zake, anabeba mimba siku 31 na kuzaa vitoto vipofu visivyo na manyoya. Simbilisi katoka milima ya Andes, anabeba miezi miwili na zaidi, na kitoto chake kinazaliwa macho wazi, kesho yake kinatafuna majani.

Kikundini hakuna aliyerudi kuniambia, "Dada, ulikuwa sahihi." Iliniuma, na hata leo nikiuza simbilisi wangu kwa watu wale wale walionicheka, bado inaniuma kidogo. Lakini nawauzia, na kila anayenunua namuuliza kwanza atawaweka wapi. Akisema pamoja na sungura, simuuzii. Wenzangu, tuache kupenda njia ya mkato. Tuache kuiga picha nzuri za mtu kabla hatujajua mwisho wa mwaka alivuna nini. Mnyama amekuja mikononi mwako, hawezi kusema kifua kinambana. Tenganisha. Ukiwa na pesa kidogo, tenganisha. Ukiwa na banda kubwa kama uwanja, tenganisha.

Kijana wangu wa Njombe, banda la simbilisi halina gharama ya kukutisha. Hawapandi kuta na hawaruki juu, kwa hiyo mbao za kimo cha goti zinatosha, juu ufunike wavu kuzuia paka na vicheche. Chini weka sakafu kavu, maranda na nyasi nyingi, kwa Njombe ongeza maana baridi unaijua. Lisichangie ukuta na banda la sungura. Asubuhi anza kuwahudumia simbilisi, kisha sungura, na ukilazimika kurudi kwa simbilisi nawa mikono kwa sabuni kwanza. Vyombo visihame. Vitoto vya kiume vikifika wiki tatu vitoe kwa mama yao, kwa sababu vinaanza kupanda mapema kuliko unavyofikiri. Nitumie vipimo vya uwanja wako nikuchoree banda.