Usiyapitishie grainda hayo madoa ya cheche!

Weka grainda chini kwanza. Umeandika kwamba mkaguzi amepima reli zako za boti kwa mashine ya cheche, ile ya kujua chuma kimechanganywa na nini, ameacha doa jeusi kwenye kila bomba, na kesho wataka kuyafuta kwa diski unayotumia kwenye mageti. Usifanye hivyo, yakhe, nakuomba.

Wazo hilo hilo nilipewa na mkaguzi aliyekuja karakanani kwetu Shimanzi, Mombasa: "Ni alama za juu juu, fundi, pitisha diski kidogo zitatoka." Zilitoka kweli. Zilikuwa reli za boti ya watalii, bomba za stenlesi ya aina ya 316, polishi ya kujitazamia uso, na mteja alilipa akashukuru. Kusi haijaisha, akapiga simu: vidoa vya kahawia kila palipopimwa, na kwamba nimemuuzia stenlesi bandia. Cheti mkononi chasema 316, na reli yatoa kutu mbele ya macho yangu! Tulizing'oa zote tukazisafisha upya kwa gharama yangu. Faida yote ikaenda, na yule mteja hajarudi tena.

Sababu nilielezwa na mzee mmoja wa kazi za meli kule Mtongwe, hasara ishaingia. Stenlesi haishiki kutu kwa kuwa kromi, metali iliyochanganywa ndani yake, hujitandia utando mwembamba juu. Cheche huunguza utando huo, doa kama ukucha wa kidole cha mwisho, na chini ya weusi ule kromi hupungua. Hilo latibika. Balaa ni diski. Diski iliyogusa chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida cha mageti, imebeba chembe zake, na ukiisugulia stenlesi wazipachika mle ndani. Bomba litang'aa, jicho halitaona kitu, mpaka chumvi ya upepo wa bahari iziozeshe. Brashi ya waya ya kawaida hufanya hivyo hivyo, na hata msasa uliopita kwenye geti.

Na yule mkaguzi wangu! Kabla ya kupiga cheche alisugua bomba kwa grainda yake mwenyewe, aliyotoka nayo kwenye mabomba ya chuma cheusi. Mtu alipwaye kutofautisha chuma na chuma! Nilipomwuliza akajibu kwamba kazi yake ni kupima, si kusafisha. Mpaka leo yaniuma.

Kwa hivyo nunua diski mpya za stenlesi, ziandike, zifungie kabatini, fundi wa mageti asizishike. Diski iliyogusa chuma cheusi haigusi stenlesi, basi. Sugua mpaka rangi yote ya kuungua iondoke, kisha paka peisti ya asidi ya kusafishia stenlesi na suuza kwa maji mengi ya bomba, si ya kisima cha chumvi. Peisti nyingi za namna hiyo zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi hadi mfupani: vaa glavu nzito na miwani, fanyia nje, watoto wakae mbali. Itafifiza mng'ao, kwa hivyo polishi ni mwisho, kwa gurudumu safi.

Siku nyingine mwulize mkaguzi kabla hajafungua sanduku lake: kaboni yahitajika? 316 hujulikana kwa metali iitwayo molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na bunduki ya eksirei, kipimo cha mkononi, huisoma bila kuacha alama. Kaboni ndiyo bunduki hiyo isiyoweza kuisoma, hapo ndipo cheche huhitajika. Cheti kikitaka 316L, yaani kaboni isiyozidi asilimia 0.03, basi cheche apige kwenye kipande kilichobaki cha bomba lile lile, si kwenye reli iliyokwisha polishi.

Kabla hujamkabidhi mteja, chukua mililita 250 za maji, tia mililita 1 ya asidi ya salfuriki, kisha gramu 4 za mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu. Asidi ndiyo iingie majini, si maji kwenye asidi. Pakaza palipokuwa na doa, paache pakiwa majimaji dakika 6. Ukiona wekundu wa shaba, chembe zingali pale, rudia peisti.