Duara la Mawe Pichani: Je, Ni la Kale?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepokea picha ya duara la mawe makubwa lililo kwenye uwanda wa jangwa. Aliyeipiga hakutaja mahali, na wengi walioiona wanadai ni kazi ya watu wa kabla ya historia. Je, ninaweza kulithibitisha hilo kwa picha peke yake?

JIBU: Picha huonyesha umbo la mawe, wala haionyeshi umri wake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni ya lini, uliza ni ya wapi. Omba faili ya awali, kwani huenda imehifadhi latitudo na longitudo, ambazo mara nyingi hupotea picha inapotumwa kwa simu kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Zikikosekana, tazama milima iliyo nyuma ya mawe: mfuatano wa vilele na mabonde yake unaweza kulinganishwa na ramani za setilaiti zenye kuonyesha miinuko, hadi upate mahali mpiga picha aliposimama.

Ukishapajua mahali, tafuta picha za setilaiti za miaka na majira tofauti. Zile zilizopigwa jua likiwa chini ndizo zenye faida zaidi, kwa sababu hata ukuta mfupi hutoa kivuli kirefu. Jihadhari, hata hivyo, kwani mwanga ukitokea upande wa chini wa picha, jicho huona shimo kama kichuguu; igeuze picha mpaka vivuli vielekee kwako.

Asili nayo hupanga mawe. Katika nchi za baridi kali, kuganda na kuyeyuka kwa ardhi huyasukuma mawe yakafanya duara kamili bila mkono wa mtu. Tena, zizi la mifugo lililojengwa juzi tu laweza kufanana sana na kaburi la kale.

Mfano ninaoupenda ni wa kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia, kwenye majengo ya mawe yanayoitwa mustatil, neno lilelile la Kiarabu lililotupatia “mstatili”. Picha za setilaiti zilisaidia kuyatambua zaidi ya 1,000, lakini ni uchimbaji uliofukua pembe na mafuvu ya ng'ombe, na vipimo vya kaboni vikaonyesha kuwa yana umri wa miaka ipatayo 7,000. Jiwe lenyewe halipimiki kwa kaboni. Kinachopimwa ni mfupa au mkaa uliokutwa pamoja nalo, na ndiyo maana ninakusihi usihamishe hata jiwe moja ukifika huko.

Ukiamini umepata jambo, peleka picha na vipimo kwa mamlaka ya mambo ya kale ya nchi husika, wala usitangaze hadharani mahali penyewe, kwa kuwa wezi wa malikale nao husoma ramani.